Linasema Spiriti

Mwandiko mzuri ndio uliomponza.

Kabla ya mwandiko alikuwa mfagizi tu wa jengo la kemia, mwanamke wa ndoo na dekio ambaye wanafunzi walimruka kama wanavyoruka dimbwi. Kisha akaanza masomo ya jioni. Alisoma mtoto akiwa mgongoni, akaandika mtoto akiwa mapajani, na kurasa za mwanzo za daftari lake zina alama za vidole vidogo vya uji mpaka leo. Polepole herufi zake zikajifunza kusimama. Zikawa zinakaa mstarini wima, kama watoto waliochanwa nywele wakisubiri kupigwa picha. Mwaka haukwisha, hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Wakamwita Kalamu.

Aliyemtoa kwenye dekio ni Daktari, mhadhiri wa chumba namba tisa. Daktari wa vitabu, si wa sindano. Siku hiyo gari la taka lilikuwa limekuja, kama linavyokuja kila baada ya miezi mitatu, kubeba mabaki ya kemikali za maabara. Taka hizo si za kumwaga kwenye sinki wala si za jalalani. Kila aina huingia kwenye dumu lake, dumu hufungwa, na kila dumu hubandikwa lebo nyeupe: kilichomo, tarehe, na chumba lilikotoka. Wanafunzi waliandika lebo hizo kama kuku aliyekanyaga wino. Watu wa gari wakayakataa madumu kumi na moja. Daktari akasimama uani akiwa ameaibika, akamwona mfagizi amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaandika.

"Hebu nione."

Akampa daftari.

"Lo! Mwandiko huu hata kipofu anausoma," Daktari akasema, na papo hapo akamkabidhi kalamu ya wino mzito. "Kuanzia leo lebo zote ni zako."

Cheo hakikuongezeka wala koti hakupewa. Lakini alitembea kurudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyebeba yai. Mtoto wake, binti wa mwaka mmoja, alikuwa bado hajajua kusema neno zima, mama mtu akamkalisha mezani akamwambia, "Mama yako anaandikia chuo kikuu." Na mtoto akampigia makofi, maana alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kupiga makofi.

Kwa kuwa wino ule haufutiki na lebo zilikuja chache, alikuwa na utaratibu wake. Kila lebo aliiandika kwanza daftarini, na pembeni akaweka namba ya chumba na aliyeileta. Ndipo akaiandika kwenye lebo yenyewe.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mbebaji wa ghala la taka, mzee mwembamba aliyeitwa Mzee Glavu. Jina lilitokana na mikono yake: wa kulia ulivaa glavu ya kijani, wa kushoto ya njano. "Hawa ni wajane," alikuwa akieleza. "Wenzao walitoboka. Nikawaozesha wenyewe kwa wenyewe." Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha bati nyuma ya jengo, dirisha la wavu, asidi upande wa kulia, spiriti na vyote vinavyoshika moto upande wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kupanga, na madumu madogo ya spiriti kuyamimina kwenye pipa kubwa ili yabebeke.

Mzee Glavu hakujua kusoma. "Mimi macho yangu hayakwenda shule," alisema bila haya. Kwa hiyo Kalamu alikuwa akiandika, na yeye huyo huyo ndiye aliyesoma.

"Mkwe, hili linasemaje?"

Alimwita mkwe kwa sababu alikuwa na mjukuu wa miaka miwili, na alikwishaamua kwamba yule binti wa Kalamu ndiye mchumba.

"Linasema asetoni, baba mkwe."

"Sawa. Likisema uongo utalijibia wewe." Kisha, akilinyanyua: "Na bibi harusi ana meno mangapi sasa?"

"Saba."

"Bwana harusi ana kumi na mawili. Mwambie afanye haraka, tusije tukachekwa ukumbini."

Hivyo ndivyo walivyoishi, mwaka mzima, bila hata tone kumwagika.

*

Masomo ya jioni yalifundishwa na mwalimu mstaafu mwenye kikohozi na kalamu nyekundu. Wiki ile aliwafundisha alama za mtajo, vile vimkia viwili viwili vinavyoning'inia juu ya mstari pale mtu anapoanza kusema na pale anapomaliza.

"Hii ni mbeleko," mwalimu alisema. "Neno la mtu unalifunga ndani yake lisianguke, lisichanganyike na maneno yako. Nendeni kazini kwenu, sikilizeni watu, mniletee maneno yao yamefungwa vizuri."

Kazi ya nyumbani haikuwahi kumfurahisha hivyo.

Jumatatu, Daktari akaja ghalani mwenyewe. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa na kila chumba kilikuwa kinatapika uchafu wake. Alishika dumu la njano limejaa hadi mabegani.

"Kalamu, na hili. Andika spiriti."

"Spiriti tupu, Daktari?"

Akatazama saa yake. "Humo kuna spiriti na asidi kidogo, wanafunzi walioshea vioo. Wewe andika spiriti tu. Asidi ina maswali mengi."

Ni kweli asidi ilikuwa na maswali. Fomu yake ilikuwa kurasa tatu na sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi alikuwa safarini.

"Lakini Daktari, si huwa tunavitenganisha? Hii kulia, ile kushoto?"

"Kidogo, mwanangu. Kama chumvi kwenye mboga." Akatabasamu. "Kwani wewe umesomea kemia au umesomea mwandiko?"

Akacheka. Kalamu naye akacheka. Kuna mambo mengi ya wiki ile ambayo baadaye alijitafutia udhuru, akaupata, lakini kicheko hicho hakukipatia udhuru wowote.

Akaandika: SPIRITI. Tarehe. Chumba namba tisa. Herufi zikakaa kama kawaida yake.

Saa ya mapumziko akakalia ndoo yake, akafungua daftari upande wa kazi ya mwalimu. Maneno bado yalikuwa ya moto. Akayafunga mbeleko, neno kwa neno:

"Humo kuna spiriti na asidi kidogo. Wewe andika spiriti tu. Asidi ina maswali mengi."

Akayatazama akapendezwa. Vimkia vilikaa mahali pake, viwili mwanzoni, viwili mwishoni. Akapeleka.

Jumatano daftari lilirudi. Mwalimu hakumpa vema. Pembeni mwa mstari ule, kwa wino mwekundu, aliandika: *Nani anasema? Mbeleko bila mama ni kitambaa tu.*

Kalamu akajipiga kofi la paji la uso. Wenzake wote walikuwa wameandika "Fundi alisema", "Jirani alisema". Yeye alikuwa amehangaika na vimkia akamsahau msemaji. Nitasahihisha kesho, akajiambia, akafunga daftari.

*

Alhamisi saa kumi alasiri alikuwa amekwishavaa mkoba begani. Mtoto alikuwa kwa shangazi yake, na shangazi huyo naye alitakiwa kazini saa kumi na moja. Akapita mbele ya mlango wa ghala. Mzee Glavu alikuwa anamalizia upande wa kushoto, pipa la spiriti liko wazi mbele yake, na mkononi ameshika dumu la njano.

"Mkwe, kabla hujaruka. Hili linasemaje?"

Alilijua. Hata kwa mbali alilijua. Neno lilipanda kifuani likafika hadi kwenye ulimi. Asidi kidogo, lilitaka kusema, limetiwa na asidi kidogo. Lakini kusema vile kulikuwa na ngazi nyingi nyuma yake: mzee angeuliza kiasi gani, yeye angesema sijui, wangepanda chumba namba tisa, wangemkuta Daktari na uso ule wa kutazama saa. Na mtoto alikuwa anasubiri.

"Linasema spiriti."

"Na wewe unasemaje?" mzee akatania.

"Mimi nasema nimechelewa."

Akamwacha anacheka.

Alikuwa hajafika getini alipousikia. Haukuwa mshindo mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliobamizwa na upepo, na baada yake kimya, kisha sauti ya mtu. Akageuka. Moshi wa rangi ya kutu ulikuwa unatoka kwenye dirisha la wavu, mzito, bila haraka.

Baadaye alikuja kuelewa ilivyokuwa. Mzee alimimina, akafunga kifuniko cha pipa kwa nguvu zake zote kama sheria ilivyotaka, akaenda kunawa. Aliporudi alilisikia pipa linaguna, gesi ya asidi na spiriti ikitafuta pa kutokea. Akainama kulisikiliza.

Alimkuta ametambaa hadi mlangoni, glavu zote mbili zimeufunika uso. Akamvua glavu, akamkokota hadi kwenye bomba la dharura la kuoshea macho. Mbele yake palikuwa pamepangwa maboksi ya karatasi. Akayapiga teke yakaanguka, akavuta mnyororo. Bomba likakohoa, likatoa hewa.

"Mkwe, ni wewe?"

"Ni mimi. Fumbua macho, baba. Fumbua."

"Yanaungua."

"Fumbua!"

Alimwosha kwa mpira wa maji wa kudekia sakafu, robo saa nzima, kwa sababu picha iliyobandikwa ukutani ilisema robo saa. Alihesabu kwa sauti. Mtoto wake siku hiyo alipelekwa kwa jirani akilia, na yeye hakuwa na habari.

Jicho la kushoto lilikufa. La kulia likabaki linaona kivuli cha mtu bila uso.

*

Jumatatu iliyofuata Daktari alimwita ofisini, akamvutia kiti. Mwaka mzima hakuwahi kumvutia kiti.

"Kamati inataka maelezo yako kwa maandishi," alisema kwa upole. "Najua hujazoea mambo haya, kwa hiyo nitakusaidia. Nitataja, wewe uandike. Si ndiyo mnavyofanya kule masomo ya jioni?"

Mbele yake palikuwa na karatasi nyeupe na kalamu nzuri.

"Anza. *Mimi ndiye niliyeandika lebo ya dumu lile.*"

Hilo lilikuwa kweli. Akaandika.

"*Niliandika bila kuuliza kilichomo ndani.*"

Kalamu ikasimama. "Bila kuuliza? Daktari, si nilikuuliza?"

Daktari akaegemea kiti, akamtazama kama mtu anavyomtazama mwanawe anayetaka kushika moto.

"Mwanangu, sikiliza. Ukisema uliuliza, watasema basi ulijua. Ukisema ulijua, halafu ukamsomea mzee spiriti, hapo si uzembe tena, hapo ni polisi. Una mtoto mdogo, sivyo? Mimi hapa nakulinda."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba nusu yake yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameuliza. Alijua. Na alimsomea mzee spiriti. Daktari alikuwa amekwenda moja kwa moja pale panapouma akaweka kidole.

Akaandika. Lakini kabla ya neno *Mimi* palikuwa na nafasi kidogo, na alipofika kwenye nukta ya mwisho palikuwa na nafasi nyingine. Akainama kama anayesahihisha, na kwa ncha ya kalamu akaweka vimkia viwili mwanzoni, viwili mwishoni. Maneno haya ni yako, alisema kimoyomoyo. Nimekufungia mwenyewe. Alitamani kuongeza juu yake, *Daktari alisema*, lakini mkono ukakataa.

Daktari hakusoma. Alitazama ukurasa kama mtu anavyotazama kitambaa kizuri, akaukunja. "Mwandiko kama wa mashine," alisema.

Njiani aliona kama ameshinda. Alicheka peke yake, akambusu binti yake utosini, akamwambia, "Mama yako mjanja." Alikuwa na miaka ishirini na mitano na aliamini kwamba karatasi husomwa.

*

Kamati iliketi watu watano, Daktari akiwa wa tano. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alionekana mwenye haki. Akaishika ile karatasi, akaisoma kwa sauti, polepole, ili kila mtu asikie.

"Mimi ndiye niliyeandika lebo ya dumu lile. Niliandika bila kuuliza kilichomo ndani."

Kalamu alisubiri. Mwenyekiti akaweka karatasi chini. Ndipo alipoelewa: vimkia havina sauti. Unaweza kuvipanga vizuri namna gani, vikipita mdomoni mwa mtu mwingine haviachi hata pumzi. Chumba kizima kilikuwa kimemsikia yeye akikiri.

"Samahani, mama," akasema. "Hapo kuna alama."

"Alama gani?"

"Za mtajo. Mwanzoni na mwishoni. Maana yake maneno hayo si yangu."

Mwenyekiti akavaa miwani tena, akasogeza karatasi. "Ninaziona. Haya, kama si yako, ni ya nani? Hapa hapakuandikwa."

"Ninalo daftari." Akalitoa mkobani, akalifungua mahali penyewe. "Haya ni maneno ya siku ile ile ya dumu. Someni. Humo kuna spiriti na asidi kidogo."

Daftari likazunguka meza. Mtu wa pili akalisoma, wa tatu akalisoma. Likafika kwa Daktari. Alisoma kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akaweka kidole pembeni mwa mstari.

"Hapa kuna wino mwekundu," alisema taratibu. "*Nani anasema?* Naona hata mwalimu wake amejiuliza."

Mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Ni yeye," Kalamu akasema. "Aliyesema ni Daktari."

"Sasa unasema hivyo," mwenyekiti akajibu, bila ukali. "Lakini hukuandika ulipoandika. Na kama uliyasikia maneno haya kweli, kutoka kwa yeyote yule, basi uliandika lebo ukijua. Nikuulize hivyo?"

Kalamu akatazama daftari lake mikononi mwa Daktari.

"Nikuulize?"

"Hapana," akasema Kalamu.

*

Barua ilitoka baada ya wiki mbili, nakala tatu. Ya mzee ilikaa siku nne nyumbani kwake bila kufunguliwa, ikimsubiri Kalamu aje kuisoma.

Alimkuta amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yake, pamba imefunika jicho la kushoto. Mjukuu alikuwa anacheza miguuni pake na ile glavu ya kijani, ameivaa kichwani kama jogoo. Kalamu alikuwa amembeba binti yake. Akamshusha, na watoto wakatazamana.

"Wameonana," mzee akasema. "Nasikia kimya cha wachumba." Akamnyooshea barua. "Haya mkwe. Inasemaje?"

Akasoma. Barua ilisema ajali ilitokana na uzembe wa mwandishi wa lebo, na uzembe wa mbebaji aliyemimina bila kuhakikisha. Mwandishi atahamishiwa usafi wa mabweni. Mbebaji, kwa hali ya macho yake, kazi yake imekoma.

"Bila kuhakikisha," mzee akarudia. "Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Wewe ukasema linasema spiriti."

"Ndiyo."

"Nimekuwa nikiwaza hapa, sina kazi nyingine. Dumu halina mdomo. Mwaka mzima nilikuwa nauliza dumu linasemaje, kama mpumbavu. Kumbe ningeuliza, nani anasema."

Hakuwa na habari ya wino mwekundu. Hakuna aliyemwambia. Kalamu akahisi kibaraza kimesogea. Angeweza kunyamaza, mzee alikuwa tayari kumlaumu mwandikaji asiyeonekana, mtu wa ghorofani, chuo kizima. Akapiga magoti pale chini ili uso wake uwe karibu na lile jicho la vivuli.

"Baba, nilijua. Daktari aliniambia kuna asidi kidogo. Niliona dumu mkononi mwako na nilijua. Nilikuwa nakimbilia mtoto."

Mkono wa mzee ulikuwa juu ya magoti. Ukarudi nyuma, taratibu, ukaingia mfukoni. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anaosha vyombo, sahani moja baada ya nyingine.

"Kidogo," mzee akasema mwishowe. "Kidogo hicho kimenila jicho zima." Akageuza uso upande wa ukuta. "Mwandiko wako hata kipofu anausoma, walikuwa wanasema. Haya. Mimi nimeshakuwa kipofu. Mbona siusomi?"

"Baba mkwe..."

"Nenda nyumbani, mama. Mtoto atashikwa na usingizi njiani."

Mama, alisema. Kama unavyomwita mwanamke yeyote aliyepita.

Binti yake hakutaka kuondoka. Alikuwa ameishika glavu ya kijani kwa upande mmoja, mjukuu kwa upande mwingine, na ilibidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja.

*

Siku yake ya mwisho jengo la kemia ndiyo siku gari la taka lilipokuja. Walimtaka akabidhi ghala, basi. Alifika saa moja asubuhi, kabla ya wahadhiri, akiwa na daftari na kalamu ya wino mzito.

Madumu yalikuwa arobaini na moja. Alianza upande wa kulia. Lebo za zamani hakuzibandua. Chini ya kila moja akabandika nyingine, akafungua daftari, akatafuta tarehe na aliyeleta, akakumbuka alichosema, akaandika. *Mwanafunzi wa chumba namba nne alisema, "Ni asetoni."* *Fundi wa chumba namba mbili alisema, "Sikumbuki, andika mchanganyiko."* *Fundi huyo huyo alisema, "Weka tu chochote."* Vyumba vilikuwa vimesema mengi kwa miezi mitatu. Madumu matatu ya chumba namba tisa aliyaandikia cheo cha Daktari na chumba chake, kwa herufi kubwa, na maneno yake yamefungwa mbeleko pande zote mbili.

Kulikuwa na hatari katika hilo naye aliijua. Mabweni yenyewe wangeweza kumnyima. Cheti cha masomo ya jioni kingekuja, lakini barua ya sifa kutoka chuoni haingekuja kamwe.

Pembeni, lilikokuwa limesukumwa siku ile, lilisimama pipa la spiriti, mdomo umechanika, tupu. Nalo lilikuwa la kubebwa. Alikaa mbele yake juu ya ndoo muda mrefu kuliko aliokaa mbele ya yote.

Saa tatu gari likaingia uani. Msimamizi wa gari, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, alikuwa na desturi yake: yeye anasoma lebo kwa sauti, mwenzake anaandika kwenye orodha. Akainua dumu la kwanza, la pili. Alipofika la chumba namba tisa akasita. Akasoma lote, na sauti ile ikagonga kuta za uani ikapanda hadi madirishani.

"Daktari wa chumba namba tisa alisema, 'Andika maji ya kuoshea, usijitie maswali.' Hee!" Akaliweka chini kama mtu anavyoweka mtoto wa watu. "Huyu yuko hapa leo? Kamwiteni. Mimi sipakii kitu mpaka aje aniambie maji gani haya."

Mtu akatumwa. Vichwa vikaanza kutokeza madirishani. Baada ya muda Daktari akaonekana anavuka ua, amefunga vifungo vyote vya koti, anatembea mwendo wa mtu asiye na haraka, na huku ana haraka.

Msimamizi hakumngoja. Alikuwa amefika kwenye pipa.

"Daktari huyo huyo alisema, 'Humo kuna spiriti na asidi kidogo. Wewe andika spiriti tu. Asidi ina maswali mengi.'" Akapangusa jasho. "Na hapa chini kuna mwingine. 'Linasema spiriti.' Huyu hana jina. Imeandikwa tu, *mimi nilisema*." Akainua uso. "Mimi nani? Nani anasema?"

Daktari alikuwa ameshafika. Alimtazama Kalamu, akatikisa kichwa kidogo tu, kama msimamizi wa mtihani anayemwonea huruma mwanafunzi: usijibu hilo, liruke.

Kalamu akainama mbele ya pipa. Wino ulikuwa unakaribia kwisha, akautikisa. Kisha akaandika jina lake, lile ambalo jengo zima lilikuwa limelisahau, lake na la baba yake, bila kifupi. Herufi zilikaa wima, kwa mwandiko ambao, Daktari alisema, hata kipofu anausoma.